Lala Ndani ya Koti Lako

Katika sehemu kubwa ya Kitui na Makueni, mtu anaweza kulala nje kwenye bembea miezi mingi ya mwaka bila mfuko wa kulalia, akiwa amevaa nguo zake za joto na basi. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu vijana wengi huahirisha safari ya Chyulu au Nzambani kwa kukosa mfuko wa maelfu ya shilingi, ilhali koti linaloweza kuwalaza salama linaning'inia kwenye kibanda cha mitumba pale Wote au Kitui mjini. Wengine huenda na shuka moja, wakatetemeka hadi kuche, kisha wakarudi wakiapa kwamba bembea ni kitanda cha mateso. Bembea ni kitanda kizuri mno kwa nchi yetu ya miiba, nge na mawe. Kinachotakiwa ni kujua joto la mwili linapotelea wapi, na kuliziba pale pale.

Kulala ndani ya nguo si jambo geni Ukambani. Bawabu anayekesha mbele ya maduka ya Mwingi hana mfuko wa kulalia. Ana kabuti, kofia ya marvin na skafu, na kwa hayo anavuka Julai nzima. Mkulima wa upande wa Kibwezi au Mtito Andei, anayelala juu ya dungu ndengu zikikaribia kuvunwa, naye hawezi kujifunga ndani ya mfuko: tembo wakitoka Tsavo usiku, hana muda wa kutafuta zipu gizani. Anahitaji kushuka akiwa amevaa, tochi mkononi, viatu karibu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya nguo, na naiona kubwa kuliko zote. Joto lako unatembea nalo. Unalivaa ukipika jioni, unalala nalo, unaamka nalo saa kumi na moja alfajiri baridi inapokuwa kali kuliko wakati wowote, na huhitaji kulivua ili uwashe moto wa chai. Mwenye mfuko mnene na sweta nyembamba yuko salama akiwa ndani ya mfuko tu.

Kwenye bembea kuna sababu nyingine. Kujiingiza ndani ya mfuko wa kulalia huku umening'inia hewani ni kazi: unajinyonga, mfuko unajikunja chini ya mgongo, zipu inauma kitambaa. Aliyevaa hukaa katikati ya bembea, akainua miguu, akalala.

Tuzungumzie baridi yenyewe, maana hapa ndipo watu hukosea kwa pande zote mbili. Kitui na Makueni zinajulikana kwa jua, na mgeni hudhani usiku wake ni wa joto mwaka mzima. Makindu, iliyo karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, huwa na alfajiri za nyuzi 14 au 15 hivi katika Julai. Mtu aliyekaa anaona ni hali ya kawaida, lakini aliyelala bila kujisogeza, upepo ukipita chini yake, atalihisi joto hilo kama baridi kali. Halafu kuna mwinuko. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 au 7. Kilele cha juu cha Chyulu kina mita 2,188, hivyo alfajiri ya Julai huko inaweza kufika nyuzi 7 au 8, na mara nyingi kuna ukungu unaolowesha kila kitu. Vilima vya Mbooni na Kilungu navyo vina baridi ambayo mtu wa Kibwezi hawezi kuiamini mpaka afike.

Kwa hiyo usipange nguo kwa jina la kaunti. Panga kwa mwinuko na mwezi. Februari kule Mtito Andei, koti nene litakutoa jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha baadaye. Shati la mikono mirefu, treki na shuka vinatosha, koti likae pembeni. Juni hadi Agosti kwenye nyanda za Kitui, Mutomo au Makindu, koti, sweta na suruali mbili ndiyo kadiri yake. Ukipanda juu ya Chyulu katika miezi hiyo hiyo, nguo peke yake hazitoshi wengi wetu, na nitaeleza cha kuongeza.

Mavazi ya joto hayatengenezi joto. Mwili wako ndio unaotengeneza, na nguo hushikilia hewa iliyotulia iliyo kati ya nyuzi zake. Koti lililotuna lina hewa nyingi, ndiyo maana ni la moto ingawa ni jepesi. Lile lile ukilikandamiza, hewa inatoka, na joto linakwenda nayo. Ukiielewa kanuni hii, utaelewa kwa nini mtu mwenye koti zuri sana huamka usiku wa manane akiwa na kifua cha moto na mgongo wa barafu. Uzito wake umelilalia koti na kulibana likawa kitambaa kitupu, na chini ya kitambaa kuna upepo. Aliyelala chini huibiwa joto na ardhi. Aliyelala kwenye bembea huibiwa na hewa inayopita bila kukoma, na hata lile joto la jioni ambalo miamba na udongo wa Ukambani huhifadhi kutokana na jua la mchana halimfikii.

Mgongo, basi, ndio wa kushughulikiwa kwanza, kabla hujatumia hata shilingi moja kwa koti. Njia rahisi ni mkeka wa sponji ngumu, ule unaouzwa madukani kwa mazoezi ya viungo, wenye unene wa sentimita moja hivi. Sponji hiyo ina vipovu vilivyofungika, kwa hiyo haibonyei sana wala hainywi maji. Usichukue kipande cha godoro la kawaida: kinabonyea kabisa chini ya makalio, na kikilowa jasho au umande hakikauki hadi safari iishe. Mkeka utandike ndani ya bembea kabla ya kupanda. Kama bembea yako ina matabaka mawili ya kitambaa, uingize katikati yake, utatulia usiku kucha.

Mkeka una upungufu mmoja. Ni mwembamba kwa upana, na bembea hukukumbatia mabega kutoka pande zote mbili. Hapo ndipo nguo na mkeka hushirikiana vizuri: mkeka unalinda uti wa mgongo na makalio, koti linalinda mabega na mbavu, ambako halijabanwa sana. Ndani ya koti vaa sweta ya sufu, kwa sababu sufu haibanwi kirahisi kama kijazo laini cha koti, na huendelea kuhifadhi joto hata ikiwa na unyevu.

Njia bora zaidi, ila inayotaka mkono wa fundi, ni kutundika blanketi chini ya bembea. Chukua duveti kuukuu ya mtoto, umwambie fundi wa cherehani atie pindo pande zote mbili za urefu na kupitisha kamba ndani yake. Kamba hizo zifunge kwenye ncha za bembea, duveti ining'inie chini yako ikigusa kitambaa bila kukandamizwa. Kwa kuwa huilalii, inabaki imetuna, na upepo unaikuta yenyewe badala ya kukukuta wewe. Jihadhari isilegee. Ikiacha nafasi ya kiganja kati yake na bembea, hewa baridi itapita hapo na kazi yote itakuwa bure.

Sasa koti. Sokoni, usiangalie rangi wala jina. Lishike kwa viganja viwili, ulibane, uliachie. Likituna tena upesi, lina uhai. Likibaki limelala na ukasikia mabonge ndani, liache hata kama ni la bei ya chini. Linyanyue juu ulitazame dhidi ya jua: sehemu zinazopitisha mwanga ndizo zitakazopitisha baridi. Soma lebo. Manyoya laini ya bata hutoa joto kubwa kwa uzito mdogo, lakini yakilowa hujikusanya kuwa mabonge na kupoteza nguvu yake. Kijazo cha poliesta ni kizito kidogo, ila hustahimili unyevu na hukauka haraka. Kwa nyanda kavu za Kitui, chochote kati ya hivyo kitakufaa. Kwa Chyulu na ukungu wake, nunua poliesta.

Lijaribu ukiwa umevaa sweta unayokusudia kulala nayo. Chuchumaa, jikumbatie, inua mikono. Koti linalobana bega linabana hewa yake lenyewe. Liwe refu kupita kiuno, liwe na kofia iliyoshonwa pamoja nalo, na zipu ifike kidevuni. Kofia hiyo ina faida ambayo mifuko mingi ya kulalia haina: ukigeuka, inageuka nawe, na pua yako haizami ndani ya kitambaa. Usipumulie ndani ya koti kamwe, hata kama uso unauma. Pumzi ina maji, na kufikia alfajiri kifua kitakuwa kimelowa. Funika uso kwa leso nyepesi.

Miguu ndiyo sehemu ambayo watu wengi huisahau, na kusema kweli ndiyo ninayoiona ngumu zaidi katika mpango huu mzima. Ndani ya mfuko wa kulalia miguu miwili hupashana joto. Ndani ya suruali kila mguu uko peke yake. Treki mbili, moja juu ya nyingine, ni bora kuliko jinzi yoyote. Jinzi ni pamba, hunywa jasho na umande na kuyashikilia. Ukibahatika kukutana na zile suruali nene za watu wa nchi za theluji katika marobota ya mitumba, zichukue. Mara nyingi hazigombewi, kwa sababu kila mtu anajiuliza zitavaliwa wapi Kenya. Zitavaliwa usiku, kwenye bembea. Soksi ziwe za sufu na ziwe huru. Soksi inayobana huzuia damu, na mguu usio na damu ya kutosha hauwezi kupata joto hata ukivaa jozi tatu. Kuna ufundi mmoja ninaoupenda: nunua jaketi lililoharibika zipu, ukate mikono yake miwili, ushone ncha moja ya kila mkono. Umepata viatu vya kulalia vinavyofika magotini.

Kwa wanaopanda Chyulu katika Julai, au yeyote mwenye miguu isiyopata joto haraka, kuna njia ya katikati ambayo wapanda milima wa Alps wameitumia kwa miaka mingi: koti nene juu, na nusu ya mfuko inayofika kiunoni chini. Fundi yeyote anaweza kukushonea nusu mfuko kutokana na duveti ya mitumba. Ni mwepesi, mikono yako inabaki huru, na kuingia ni kama kuvaa sketi. Ningemshauri hivyo kila mtu anayelala juu ya mita 1,800, na watoto na wazee ningewataka wawe na blanketi kamili popote pale, kwani miili yao haitengenezi wala kuhifadhi joto kama ya kijana.

Kiuno nacho kina hila yake. Ukijigeuza kwenye bembea, koti hupanda, suruali hushuka, na upande wa figo unabaki wazi. Leso moja iliyofungwa kiunoni juu ya suruali na chini ya koti inamaliza tatizo hilo. Leso hiyo hiyo mchana ni taulo, kivuli na kamba ya dharura.

Kuna sharti moja ambalo silegezi: usilale na nguo ulizotembea nazo mchana. Jasho limekaa ndani yake hata kama hulihisi. Ukifika, kabla jua halijazama na ungali na joto la mwendo, vua zote hadi ngozi, jifute, uvae nguo kavu ulizozihifadhi kwa ajili ya usiku pekee. Zikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, uliotengenezwa kwa kutumika tena na tena. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kuingia katika mbuga na misitu ya hifadhi, Chyulu ikiwemo. Atakayekushauri ufunge miguu kwa karatasi za nailoni hajui sheria hiyo, tena jasho lililonaswa ndani litakuumiza.

Kula kabla ya kulala. Muthokoi na maharagwe yenye mafuta kidogo ni kuni za usiku. Tumbo tupu halina cha kuchoma. Kunywa kitu cha moto, kisha nenda haja ndogo hata kama huhisi kubanwa, kwa sababu kushuka kwenye bembea saa tisa usiku ni kupoteza joto lote ulilokusanya. Chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chuma yenye kifuniko imara, uivike soksi, uiweke kati ya mapaja ambako mishipa mikubwa ya damu hupita. Kaluvu au pombe yoyote iache. Inakupa hisia ya joto kwa kuisukuma damu kwenye ngozi, na damu ikifika huko inapozwa.

Mahali pa kufunga bembea panaweza kukupunguzia baridi kuliko sweta ya ziada. Hewa baridi ni nzito, hutiririka usiku na kukaa mabondeni. Panda kidogo kwenye mteremko utakuta tofauti unayoihisi usoni. Lakini usipande hadi ukingoni penye upepo, kama vile ukingo wa Yatta. Chini ya mti wenye majani mengi, kama mkwaju, huwa na joto kidogo kuliko uwanja wazi, maana anga tupu lisilo na mawingu hunyonya joto la kila kilicho chini yake. Turubai iliyofungwa chini, upande wa upepo, hufanya kazi hiyo hiyo. Na usifunge bembea juu ya mchanga wa mto mkavu, hata kama miti ya kingoni inavutia na mwezi ni mzuri. Mito yetu ya msimu huja na maji ya mvua iliyonyesha mbali. Desemba 2021 mto Enziu kule Mwingi ulisomba basi lililojaa watu waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya 30 wakafa, mchana kweupe.

Mti uchague kwa mikono. Uwe hai, mnene kuliko paja lako, usio na tawi kavu juu. Tumia mikanda mipana, kwa sababu kamba nyembamba hukata gamba la mti. Kumbuka mti wa mukau wa shambani, ule ambao kituo cha Kitui cha taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kimeutafiti kwa miaka mingi, ni akiba ya mwenyewe. Omba ruhusa, ama tafuta mti mwingine. Mikanda iteremke kwa pembe ya digrii 30 hivi. Hapo kila mkanda hubeba takriban uzito wako mzima. Ukiivuta hadi ikaribie kunyooka, kwa digrii 10, kila upande utabeba karibu mara tatu ya uzito huo, na ndivyo mikanda hukatika. Kisha lala mshazari, kichwa upande huu na miguu upande ule, mgongo utanyooka na koti halitajikunja.

Kuna jambo moja la Kitui ambalo vitabu vya kambi vya ng'ambo havitakuambia. Sehemu hizi zina kala-azar, ugonjwa wa homa isiyoisha na wengu kuvimba, unaoua usipotibiwa. Kitui ilipata mlipuko wake mkubwa miaka ya 1950, na ugonjwa haujatoka. Unaenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayeuma usiku na anayependa kukaa ndani ya vichuguu vya mchwa. Usubi haruki mbali. Basi usifunge bembea karibu na kichuguu, na hapa nguo za mikono mirefu, soksi na kofia zinakulinda kwa namna ambayo mfuko uliofunguliwa nusu kwa sababu ya joto haukulindi. Neti iwe yenye dawa, kwani matundu ya neti ya kawaida humpitisha. Mbu nao huuma kutoka chini kupitia kitambaa chembamba cha bembea. Mkeka au duveti ya chini huwazuia. Ukirudi na homa inayozidi wiki mbili, mwambie daktari ulilala wapi.

Moto uwe mbali na bembea. Kitambaa cha nje cha makoti haya mara nyingi ni nailoni, na cheche moja ya mgunga hutoboa tundu na kuingia hadi kwenye ngozi. Ukikaa karibu na moto, jifunike shuka la pamba juu ya koti. Na katika maeneo ya Shirika la Wanyamapori (KWS) au misitu ya serikali, ulizia kwanza panaporuhusiwa kulala na moto. Jirani ya Tsavo, njia ya tembo si mahali pa kutundika chochote.

Kabla ya safari, funga bembea nyumbani na ulale humo usiku mmoja wa Julai, mlango ukiwa hatua chache. Ukiamka na baridi, gundua inatoka wapi: mgongo, miguu, kiuno au shingo. Ongeza hapo tu. Wengi hununua koti la pili wakati kilichokosekana ni soksi au mkeka.

Asubuhi, anika kila kitu juu ya kichaka kisicho na miiba mpaka jua likaushe unyevu wa mwili, hata kama nguo zinaonekana kavu. Ukifika nyumbani litundike koti, usilikunje wala kulikandamiza chini ya sanduku hadi safari nyingine, maana kijazo kilichobanwa kwa miezi hakirudi kutuna. Kulifua, tumia sabuni kidogo na maji mengi, usilikamue kwa kulisokota. Kama ni la manyoya, lipigwe na jua siku mbili nzima, likitikiswa kila baada ya saa chache ili mabonge yaachane kabla hayajakaukia humo.